Nati ya Breki ya Mbele

Mume wa Mama Chanjo alikuwa fundi saa, na kwa miaka kumi na sita mtaa mzima ulimwita hivyo hivyo, Fundi Saa. Kibanda chake kilitosha meza moja na kiti kimoja, kimebanwa kati ya duka la vitambaa na kinyozi, kiasi kwamba mteja akija ilibidi asimame nje na kuingiza mkono tu. Juu ya meza kulikuwa na vibano vyembamba, bisibisi ambazo moja ikianguka sakafuni utaitafuta kwa magoti, na kioo cha kukuzia alichozoea kukibana kwenye jicho la kulia mpaka nyama ya shavu ilikuwa imeshika umbo lake. Alikuwa fundi kweli kweli, hakuna aliyebisha. Ila watu walikuwa wameanza kutazama saa kwenye simu, na siku nyingine alifungua kibanda asubuhi, akapangusa vumbi, akapangusa tena, akafunga jioni bila kugusa hata betri.

Mkewe hakuwa na hata dakika ya kupangusa vumbi. Alikuwa muuguzi wa zahanati, na kazi yake ilikuwa kuzungukia vitongoji vya mbali kwa pikipiki yake ya bluu, nyuma amefunga boksi la baridi lenye chanjo. Watoto wakisikia mlio wa pikipiki ile walikuwa wanatawanyika, kila mmoja ameshika bega lake. Ndiyo maana mama zao walimpa jina la Mama Chanjo, naye akalipenda.

Sasa pikipiki ile ilikuwa na fundi wake, na fundi huyo ndiye aliyemkosesha Fundi Saa usingizi.

Walimwita Injinia. Gereji yake ilikuwa njia panda, banda kubwa la mabati, mbele limejaa pikipiki kuanzia asubuhi. Fundi Saa hakuwahi kuingia. Alikuwa akipita upande wa pili wa barabara, hatua za haraka, shingo imeelekea mbele, macho yameelekea pembeni. Alichokiona kwa macho yale ya pembeni kilimtosha: mwanamume mwenye mabega mapana, anacheka kwa sauti, amezungukwa na watu.

Nyumbani ndiko alikoonja uchungu wenyewe. Mama Chanjo alikuwa na maneno mawili aliyoyasema bila hata kujisikia akiyasema. "Injinia kasema." Injinia kasema oili hii si nzuri. Injinia kasema mvua ikianza nisipite ile njia ya bondeni. Siku moja walikuwa wanakula, Fundi Saa akasema anahisi baridi itakuwa kali mwaka huu. Mkewe akatikisa kichwa. "Sidhani. Injinia kasema haitakuwa kali."

Fundi Saa akaweka kijiko chini.

"Injinia siku hizi anatengeneza na hali ya hewa?"

"Ah, mwenzangu! Tulikuwa tunaongea tu."

Tulikuwa tunaongea tu. Maneno hayo aliyachukua kibandani kesho yake, akayafungua kama anavyofungua saa, akayatazama kipande kimoja kimoja. Tulikuwa, maana yake wawili. Tunaongea, maana yake muda ulikuwepo. Tu. Hilo "tu" ndilo lililomkata maini. Akaanza kuhesabu safari za gereji. Mwaka uliopita pikipiki ilikwenda kila baada ya miezi mitatu, mwaka huu karibu kila mwezi. Hakufikiria kwamba mwaka huu mkewe alikuwa ameongezewa vitongoji vinne na barabara zote zilikuwa mawe matupu. Wivu haukumpa nafasi ya kujiuliza. Ulimwonyesha jambo moja tu: kila akirudi kutoka gereji, Mama Chanjo alikuwa na uso mwepesi, na mara nyingine alikuwa bado anacheka peke yake anapovua viatu mlangoni.

Siku ya Jumatatu pikipiki ikaenda kubadilishwa brekishuu za nyuma. Ikarudi imeoshwa mpaka spoku zinameremeta.

"Kakuoshea na pikipiki," Fundi Saa akasema.

"Anawaoshea wote."

"Wote?"

Mkewe alimtazama, akaingia ndani.

Jumatano mchana, Fundi Saa alikuwa kibandani akisikiliza saa ya ukutani ya mteja, mwanamke wa duka la vitambaa akachungulia. "We jirani, mkeo kaanguka! Wanamleta kule juu, wanasukuma pikipiki."

Alitoka kioo kikiwa bado jichoni. Alimkuta katikati ya njia, anachechemea, sketi imechanika gotini, damu imeshuka hadi kwenye soksi, lakini anatembea kwa miguu yake na boksi la chanjo amelikumbatia mwenyewe. Wanaume wawili wapita njia walikuwa wanasukuma pikipiki nyuma yake.

"Nimepona," akasema kabla hajaulizwa. "Nilikuwa nateremka kile kilima cha shule. Nikakanyaga breki ya nyuma, nikasikia mguu unakwenda chini hivi hivi, hakuna kitu. Kama si breki ya mbele ningeingia kwenye ukuta. Nikaipeleka mtaroni."

Fundi Saa alimshika mkono, akamketisha ndani, akachemsha maji, akamsafisha goti. Alimpenda mwanamke yule tangu siku alipomletea saa ya marehemu baba yake na kukaa nje ya kibanda saa mbili nzima kuisubiri. Alipokwisha kufunga goti alikwenda uani, akapiga magoti kando ya pikipiki, akaanza kuitafuta sababu.

Hakuitafuta sana. Chuma kirefu kinachotoka kwenye pedali ya breki kwenda gurudumu la nyuma kilikuwa kinaning'inia. Mahali pa kukishikilia palitakiwa pawe na pini ndogo, na pini haikuwepo. Aliyefunga brekishuu mpya siku ya Jumatatu alisahau kuirudisha, chuma kikakaa siku mbili kwa kubahatisha, kisha kikachomoka.

Na hapo, mbele ya gurudumu lile, mtu yule mwema akahisi kitu ambacho baadaye alishindwa kukitaja bila kuinamisha kichwa. Alifurahi. Furaha ilimjia kifuani ghafla, tamu, kama mtu aliyeshinda kesi ya miaka. Injinia! Injinia wa kusema na kusikilizwa, kasahau pini!

Kisha furaha ikaanza kupoa. Akaitazama ile nafasi tupu. Pini yenyewe ni kitu kidogo, karibu sawa na zile anazoshughulika nazo yeye. Akauona mkasa mzima utakavyokuwa: Injinia atacheka kwa ile sauti yake, atasema bahati mbaya dada, ataweka pini nyingine kwa sekunde tano, Mama Chanjo naye atacheka, na mwezi ujao "Injinia kasema" itaendelea kama kawaida. Pini moja haitoshi kumwangusha mtu mwenye mabega kama yale.

Jua lilikuwa bado liko juu ya paa la jirani. Mkewe alikuwa amelala, dawa ya maumivu imemchukua. Fundi Saa alikwenda kwenye kisanduku chake, na kwa kuwa mtu wa saa hana spana za pikipiki, akachukua koleo. Akaibana nati inayoshika waya wa breki ya mbele, akaizungusha. Iligoma, koleo likateleza, akaibana tena kwa nguvu mpaka ikaachia. Hakuitoa. Aliilegeza tu, kiasi kwamba mtu akivuta breki mara mbili tatu waya utachomoka. Pikipiki haitapandwa, akajiambia. Kesho nitaisukuma mimi mwenyewe mpaka gereji, na mbele ya wale watu wote nitamwuliza: pini umesahau, na hii je?

Akanawa mikono. Usiku ule alilala vizuri, kitu ambacho kilikuwa hakijatokea kwa muda mrefu.

Alfajiri mlango uligongwa. Mwanamume wa kitongoji cha ng'ambo ya kilima alikuwa amekuja na baiskeli, jasho linamtoka asubuhi yote ile, mkewe ameshikwa na uchungu na mtoto anakuja vibaya. Fundi Saa aliyasikia hayo akiwa bado kitandani, akasikia mkewe akijibu, maji yakimwagika, begi likifungwa zipu. Akajigeuza upande wa pili. Kisha akasikia stendi ya pikipiki ikikunjwa.

Alitoka na bukta tu.

"Unakwenda wapi na hiyo?"

"Mtoto anatanguliza miguu." Mama Chanjo alikuwa amekwishakalia, funguo mkononi. "Breki ya nyuma sina, lakini ya mbele ipo. Nitakwenda mwendo wa kobe."

"Shuka!"

"Mwenzangu, hakuna muda."

"Nimesema shuka!" Alishika usukani kwa mikono miwili. Hakuwahi kumfokea hivyo tangu waoane. Mwenye baiskeli akarudi nyuma hatua mbili. "Hata ya mbele si salama. Nati imelegea."

"Umejuaje?"

"Niliiangalia jana."

Mama Chanjo alimtazama. Mwanga ulikuwa mdogo, lakini ulitosha kuonyesha kwamba kuna kitu kilikuwa kinapita kichwani mwake na hakikupata njia ya kutokea.

"Ukaiangalia jana," akasema polepole, "ukaona breki iliyobaki haifai. Ukanyamaza."

"Ulikuwa umelala. Nilitaka nikuambie asubuhi. Ni huyo huyo Injinia wako, hakufunga chochote."

Mama Chanjo alishuka, akavaa begi mgongoni, akapanda nyuma ya baiskeli ya yule mwanamume na goti lake lililofungwa limenyooka pembeni, wakaondoka. Fundi Saa alibaki ameshika usukani. Kichwani alikiona kile kilima cha shule, akauona na ukuta.

Mama Chanjo alirudi saa nne. Mtoto alikuwa mzima, wa kike, na mama yake pia. Alikunywa chai amesimama, akasema, "Twende gereji."

"Pumzika. Nitakwenda mimi, hili ni jambo la wanaume."

"Aliyeanguka ni nani?"

Wakaisukuma wote wawili, yeye huku, mkewe kule.

Hivyo ndivyo Fundi Saa alivyoingia mara ya kwanza kwenye banda lile. Spana zilikuwa zimetundikwa ukutani kwa mpangilio, kila moja imechorewa umbo lake kwa rangi nyeupe, ndogo mpaka kubwa. Kwenye benchi walikaa wateja watano wakisubiri. Harufu ya petroli, redio inaimba chini chini. Alikuwa ameombea kwamba mtu yule kwa karibu awe na kasoro, labda chunusi, labda kitambi. Hakuwa nacho. Kwa karibu alikuwa na sura nzuri zaidi.

"Karibu dada! Na shemeji leo umekuja!" Injinia alinyoosha kiwiko, maana viganja vilikuwa vyeusi kwa grisi.

Shemeji. Neno hilo lilimkaa Fundi Saa kooni. Ukimwita mtu shemeji umemfanya mkewe kuwa dada yako, na dada ni dada. Lakini shemeji ni neno linaloruhusu na utani mwingi. Akaushika kiwiko kile kwa vidole viwili.

Mama Chanjo hakuwa na utani. Alisimama katikati ya banda, akaeleza kwa sauti ya kawaida, kama anavyoeleza mama wa mtoto mgonjwa: Jumatatu nilileta, ukafunga brekishuu, Jumatano nilikuwa kwenye mteremko, pedali ikaenda chini. Akavuta sketi kidogo, akaonyesha bandeji.

Fundi Saa alikuwa akimtazama Injinia usoni, anausubiri uongo. Aliuhitaji uongo ule kuliko chakula. Injinia alipiga magoti nyuma ya pikipiki, akaangalia, akainuka, akaenda kwenye meza yake ya kazi. Huko kulikuwa na kifuniko cha kopo alichowekea vitu vidogo. Akapekua kwa kidole. Akarudi na pini imelala katikati ya kiganja.

"Hii hapa," akasema. "Ni ya kwako, dada. Niliitoa, nikaiweka pale, simu ikaita, nikaongea, nikarudi nikafunga nati nikaosha pikipiki. Sikuiweka. Kosa ni langu."

"Ungekufa," akaongeza, "na mimi ningekuja msibani kukaa na watu, sijui kama mimi ndiye niliyekuua."

Mtu mmoja kwenye benchi akasema lakini Injinia, ajali ni ajali. Injinia akamkatiza. "Hapana. Usinisaidie."

Watu wale wangejua kilichokuwa kikiendelea ndani ya Fundi Saa wangemwonea huruma. Alikuwa amekuja kumwona mtu akianguka, akamwona akisimama wima zaidi. Aliliona na jicho la mkewe lilivyolainika kidogo, kidogo mno, lakini yeye alikuwa mtu wa kuona vitu vidogo.

"Pole yako nimeisikia," Mama Chanjo akasema. "Lakini mimi nikikosea sindano siombi radhi tu. Naandika nilichokosea, na kesho yake nafanya kazi kwa utaratibu mwingine. Wewe utafanya nini?"

Injinia alijikuna shingo, akaacha alama ya grisi. "Jumatatu nilifunga pikipiki nyingine tatu. Nitazirudisha zote leo, nizikague kabla sijagusa kazi nyingine."

"Na baada ya leo?"

"Breki nikifunga, mtu wa pili ataangalia kabla haijatoka. Na simu nitaiweka mbali."

"Mtu wa pili asipokuwepo?"

"Basi haitoki."

"Na nitaijaribu mwenyewe hapo kwenye mteremko, ukiwa unaniangalia, kabla sijaichukua."

"Nitakuwa wa kwanza kuijaribu mimi, dada. Halafu wewe."

Hapo ndipo Fundi Saa alipoona pambano linamponyoka. "Na ya mbele?" akauliza kwa nguvu. "Nati ya breki ya mbele nayo imelegea! Hiyo nayo simu iliita?"

Benchi zima likageuka. Injinia akaenda mbele ya pikipiki, akachuchumaa. Akapitisha kidole gumba juu ya nati ile, mara moja, halafu tena taratibu, kama mtu anayesoma kwa kidole. Kisha akainua macho. Hakumtazama Fundi Saa usoni. Alimtazama mikono.

"Ya mbele Jumatatu sikuigusa," akasema. "Lakini imefika kwangu, nitaifunga."

"Hukuigusa, imelegea yenyewe?" mtu wa kwenye benchi akauliza, na mwingine akanong'ona kwamba breki mbili kwa mpigo, hapo si bahati mbaya tena. Injinia hakujitetea. Mama Chanjo alikunja uso, akafungua mdomo, lakini zahanati wakampigia simu, akatoka nje kuwajibu.

Injinia akasogea karibu, akaongea kwa chini.

"Shemeji. Nati hii imeng'atwa na koleo, na alama bado zinang'aa. Mimi spana yake, namba kumi, nimeitundika pale tangu nifungue banda." Akaionyesha kwa kidevu. "Sitasema kitu kwa dada, hayo ni ya nyumba yenu. Lakini ukiwa na ugomvi na mimi, njoo nao kwa miguu. Usiupakie kwenye pikipiki anayopanda mkeo."

Fundi Saa alikaa kwenye benchi mpaka kazi ikaisha, amebanwa katikati ya wateja kama mmoja wao.

Siku tatu zilizofuata zilikuwa mbaya kuliko miezi yote ya kuhesabu safari. Kwanza wivu wake ulikuwa wa kuwaza. Sasa ulikuwa na kitu cha kushika. Baina ya mkewe na yule bwana kulikuwa na siri kweli, ambayo mkewe hakuijua, na siri yenyewe ilikuwa yeye. Kila Mama Chanjo alipochelewa alijiuliza kama amekwishaambiwa. Kila alipokuja na uso wa kawaida alichukia zaidi, maana ilimaanisha Injinia ametimiza neno lake. Na kilichomuuma mno ni yale maneno matatu, kosa ni langu, yalivyotoka kwa mtu yule bila kusukumwa. Yeye miaka miwili iliyopita aliikata springi ya saa ya mwalimu mstaafu kwa kupenga kamasi wakati asiotakiwa kupumua, akamwambia mzee wa watu kwamba saa imezeeka. Mwalimu alimshukuru, akaondoka na maiti ya saa mfukoni.

Siku ya nne, mchana, Mama Chanjo alikuwa mezani anajaza kadi za watoto. Fundi Saa alikuwa amefunga kibanda mapema. Akasimama upande wa pili wa meza.

"Nati ya mbele niliilegeza mimi."

Kalamu iliendelea maneno mawili, ikasimama.

"Sema tena."

Akasema tena. Akasema na koleo, na uani, na jua lilivyokuwa. Alipofika kwenye sababu alikwama, halafu akalitoa neno lenyewe: wivu. Akaeleza Injinia kasema, na kuoshewa pikipiki, na kuvua viatu huku anacheka.

Mama Chanjo alicheka kicheko kimoja kikavu. Halafu uso ukabadilika.

"Yule mtoto alitoka saa moja kasorobo," akasema. "Ningewasha dakika moja kabla hujatoka, saa moja kasorobo ningekuwa wapi?"

"Nilitoka mbio..."

"Ulitoka kwa sababu ulisikia stendi. Ungekuwa msalani?" Alisimama, kadi zikamwagika. "Wivu ningeuelewa. Ungeniuliza, ningekujibu, tungegombana, yangeisha. Nati siielewi! Mtu niliyelala naye kitanda kimoja analegeza breki, ananawa, anakula, analala!"

"Sikufikiri kwamba utaipanda."

"Mimi nazalisha watu. Lini sikupanda?"

Fundi Saa alimwacha alie, na alipotaka kumshika bega alisukumwa mkono. Jioni ile Mama Chanjo alinunua mnyororo na kufuli, akaifunga pikipiki kwenye nguzo ya uani, ufunguo akautia kwenye mfuko wa sare yake. Kabla ya kulala alisema jambo moja. "Mtaani wanasema Injinia alifungua breki zote mbili. Wateja wanampungukia kwa kosa ambalo si lake. La kwake ni moja. Kesho utakwenda kuliondoa lile lingine, mbele ya benchi lile lile. Asipokuwepo mtu kwenye benchi, utasubiri wakae."

Alikwenda. Benchi lilikuwa na watu wawili, na kwa kuwa aliambiwa lile lile, alisubiri hadi wakafika watano. Injinia alikuwa anajaza upepo kwenye tairi, akamwona, akazima mashine. Fundi Saa alikuwa amepanga hotuba njiani, ikapotea yote. Alichosema ni hiki: "Ile breki ya mbele nilifungua mimi. Kwa koleo. Nilitaka mumwone mbaya."

"Kwa nini?" mmoja akauliza, kwa mshangao tu.

Fundi Saa alimtazama Injinia, akatazama chini. "Mzuri," akasema.

Benchi likapasuka kwa kicheko. Mmoja alicheka mpaka akashika ukuta. Injinia mwenyewe alijizuia, akageuka upande wa spana zake, mabega yale mapana yakawa yanatikisika. Alipogeuka tena macho yalikuwa na maji. "Nimekusamehe, shemeji," akasema. "Lakini dada akikuleta tena hapa, hutashika hata pampu."

Tangu siku ile hakuitwa tena Fundi Saa. Aliitwa Koleo, na watoto waliokuwa wanamkimbia mkewe wakawa wanamkimbilia yeye, wanamwita kwa mbali na kujificha. Jina lilimuuma, kisha akalizoea. Alimtafuta mwalimu mstaafu, akamwambia kuhusu springi. Mwalimu alikasirika kweli, akamtoa nyumbani kwake, na baada ya wiki mbili akairudisha ile saa kibandani aijaribu tena.

Nyumbani mambo hayakunyooka upesi. Mama Chanjo alijifunza kukagua breki mwenyewe. Kila asubuhi alichuchumaa na tochi, akagusa pini, akagusa nati, akakanyaga, akavuta, na mumewe alikatazwa kusogea. Ilichukua karibu miezi mitatu. Kisha asubuhi moja ya mvua alikuwa ameshika boksi kwa mikono miwili, akasema bila kumtazama, "Ufunguo uko mfukoni, ifungue uniletee mlangoni." Akaifungua. Aliisukuma kama aliyebeba maji yaliyojaa pomoni.

Pikipiki bado inakwenda kwa Injinia. Wivu haukuondoka, ungeondokaje, na mtu yule bado ana mabega? Siku Mama Chanjo akirudi kutoka gereji anavua viatu huku anacheka, mumewe husikia ule mchomo pale pale kifuani. Ila sasa huweka chini alichokishika na kuuliza.

"Mmecheka nini?"

Naye humsimulia: jamaa mmoja kaleta pikipiki anasema haiwaki, kumbe haina petroli tangu jana. Koleo husikiliza mpaka mwisho, anafikiri, na kusema kwa haki kabisa kwamba mbona haichekeshi sana.

"Ungekuwepo ungecheka," Mama Chanjo humjibu, na kwenda kunawa.